Kuku wa Kampuni

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku imeharibika kabla ya chai. Twaha ametuma picha. Mama mkwe amekaa mgahawani Korogwe, mbele yake robo kuku, chipsi na soda inayotoa jasho kwa ubaridi. Anacheka mpaka fizi za nyuma zinaonekana. Chini Twaha ameandika: "Mama kafurahi, alhamdulillah." Kila mwezi picha hiyohiyo! Tena ameipiga kwa mbali, kupitia dirishani, kama mwizi. Hata kupiga picha hajui.

Maelezo kwa atakayesoma shajara hii nikishakufa. Twaha ni mwanyumba wangu. Mimi nimeoa Mwanaisha, yeye ameoa mdogo wake, Ikram. Mama yao, Bi Mwanaidi, anakaa Manundu, Korogwe. Nilioa kwanza mimi. Mkwe mkubwa ni mimi! Mimi ni dalali hapa Chanika, Handeni: viwanja, mbuzi, machungwa, chochote chenye mwenyewe. Twaha ni fundi friji tu. Lakini nani ameezeka nyumba ya mama mkwe kwa bati nyekundu za msauzi, zile za bei kali? Twaha. Nani anampa kuku? Twaha. Mimi nilimpelekea papai mwezi wa tano. Lilikuwa limeoza upande mmoja tu, lakini ndio upande alioanzia kukata.

Sina wivu. Nauliza tu hela anapata wapi.

Mwanaisha yuko Kang'ata, anamsaidia shangazi yake kuvuna mahindi. Anarudi Jumapili. Ameniachia nyumba, mtetea na cherehani chake. Kuhusu cherehani alisema nisikiguse. Alisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa amenishika ukosi wa shati. Ni kweli kwamba cherehani hicho ndicho kinachotulisha mbuzi wasipouzika. Ni kweli pia kwamba mwaka jana aliapa nikikigusa anarudi kwao. Wanawake wana kumbukumbu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Siri imetoka!

Nimempigia Ikram kumjulia hali. Sijawahi kumjulia hali, kwa hiyo alishtuka, akadhani kuna msiba. Nilipomtuliza nikaingiza habari ya kuku taratibu. Akacheka. Akasema mbona ni kazi ya Twaha ya pembeni, yeye ni mteja wa siri. Kisha akajutia mdomo wake, akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwapia. Sasa naandika tu, sisemi.

Kumbe Dar kuna kampuni inaitwa Jicho la Mteja. Wenye maduka na migahawa wanailipa iwachunguzie wafanyakazi wao. Kampuni inamtuma mtu kama Twaha. Anaingia kama mteja wa kawaida, ananunua, anakula, anakwenda zake. Kisha anawaandikia: nilisalimiwa au sikusalimiwa, chipsi zilikuwa za moto au za jana, chooni kulikuwa na sabuni au hakuna. Wanamlipa! Na hela ya chakula wanamrudishia!

Yaani mama mkwe anamwombea mtu dua kila mwezi kwa kuku wa kampuni. Wivu umenikaba mpaka nikalala chini kwenye mkeka. Sasa nasema wazi, ni wivu. Mtu anakula bure, analisha bure, anasifiwa bure. Na mimi nimekuwa mteja tangu nazaliwa, hakuna aliyewahi kunilipa.

Nimepata namba ya kampuni. Amepokea dada mmoja mwenye sauti laini. Nikamweleza kwamba sina huruma na wauza duka. Amefurahi. Atanipa kazi ya majaribio Alhamisi, duka la simu hapahapa Chanika. Ila wanataka mtu mwenye simu ya kamera nzuri, inayoandika saa kwenye picha. Yangu ina tochi.

Jioni nimekaa nikakitazama cherehani. Nacho kikanitazama.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimekipeleka kwa Mhina, yule anayekopesha kwa rehani nyuma ya soko. Nimekitoa kwenye meza yake, nikakilaza kwenye toroli na kukifunika shuka jeupe ili watu wasijue. Njiani mzee mmoja akavua kofia, akasema inna lillahi, akauliza tunazika wapi. Nikamwambia baada ya alasiri. Sijui alikwenda wapi baada ya alasiri.

Mhina hana haya. Amekizungusha gurudumu, akasikiliza kinavyolia, akasema kimekaa bila mafuta, mwenye nacho hajali. Nikamwambia mwenye nacho ni mke wangu. Akasema ndiyo, asiyejali ni mimi mumewe. Nilichopata kimetosha simu iliyotumika, kioo kina ufa kidogo juu ya kamera.

Nikampigia dada wa kampuni kumpa habari njema ya simu. Nikauliza hela inalipwa mezani au mlangoni. Akasema inalipwa mwezi mmoja baada ya ripoti kukubaliwa.

Mwezi mmoja! Na chakula unanunua kwanza kwa hela yako! Nikauliza kama mtu wa kipekee anaweza kulipwa kabla. Akacheka kwa adabu. Mbona Twaha hakumwambia mtu yeyote jambo hili? Uchoyo. Mtu akifanikiwa anaficha hata mabaya ya kazi.

Lazima nipate kazi kubwa haraka, niombe malipo ya awali, nikikomboe cherehani kabla ya Jumapili. Mpango hauna tundu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Maagizo: uingie kama mgeni usiyejulikana. Uhesabu kama umesalimiwa ndani ya nusu dakika. Uulize bei ya kava ya simu. Usijitambulishe.

Nimevaa miwani ya jua, kofia ya pama na koti. Bado nilikuwa upande wa pili wa barabara, Resian, binti anayeuza pale, akapaza sauti: "Shikamoo mjomba Sufiani! Miwani imekupendeza!"

Nikaingia. Nikasema kwa sauti nzito kwamba mimi ni mgeni, natoka Morogoro. Akasema pole mjomba, umehamia lini? Akamuulizia Mwanaisha. Akaulizia mahindi ya Kang'ata. Akaulizia mguu wangu uliokuwa unauma wakati wa Idd. Kisha akakumbuka yule mbuzi niliyemuuzia baba yake, mzee Loishiye. Mbuzi amekufa. Akampigia baba yake palepale, akanipa simu. Mzee Loishiye hana papara, alianza kunisalimia mimi, nyumba yangu, watoto wangu ambao sina, mifugo yangu ambayo sina, ndipo akafika kwa mbuzi. Alitaka kujua kama nilijua mbuzi yule hana meno. Nikasema mimi ni mgeni kutoka Morogoro. Akasema Morogoro wameniharibu.

Kwenye ripoti nimeandika: kusalimiwa, ndiyo, kumepitiliza. Bei ya kava sikuipata.

Dada wa kampuni amesema ripoti ina habari nyingi mno za mbuzi, ila inasomeka. Nimefaulu!

Na hapo akili ikanijia. Nimeweka kitambaa mdomoni, nikapiga simu ya kampuni kama raia mwema asiyetaka kutajwa. Nikasema kwamba mteja wenu wa siri wa Korogwe, anaitwa Twaha, anajulikana pale mgahawani mpaka na mpishi, siri yenu imeoza. Dada akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Asante sana, Bwana Sufiani." Ameihifadhi namba yangu. Lakini akasema kama ni kweli watamtoa Twaha leo hii. Akauliza kama ningeweza kwenda Korogwe Jumamosi mahali pake. Nikapekua kurasa za shajara hii asikie, kama mtu mwenye ratiba. Nikakubali.

Nimemtoa Twaha! Nimekula ugali kwa hamu ambayo sijaiona tangu mfungo.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nanenane. Watu wamekwenda kwenye maonyesho, mimi nimesoma maagizo. Mgahawa unaitwa Shibe, upo barabara kuu, Korogwe, mabasi yanasimama pale. Niagize sahani mbili, ya mteja na ya mwenzake. Nipige picha chakula kikiwa kizima na tena kikiwa kimeliwa nusu. Niingie chooni nitafute sabuni. Nimuulize meneja swali moja gumu. Halafu kwa herufi nzito: mteja wa siri akijitambulisha, halipwi chochote, hata chakula harudishiwi.

Nani mjinga wa kujitambulisha?

Msikitini khutba ilikuwa ya hasidi, jinsi husuda inavyomla mwenye nayo. Maneno mazito. Nimemfikiria Twaha muda wote. Natamani angekuwepo asikie.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nimefika Shibe mapema. Nimechagua meza ya pembeni. Nimesalimiwa vizuri, nikaandika. Sahani mbili zimekuja, robo kuku na chipsi kila moja. Nikapiga picha. Ufa wa kioo umeonekana kama mnofu una nyufa, lakini saa imetoka. Meneja, Laurenti jina lake, mtu mnene mwenye tai, alikuwa anapita mezani akiuliza wateja kama wameridhika. Nikashika paja la kwanza. Nikauma. Kazi tamu jamani!

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe.

Kanga mpya. Kilemba. Nyuma yake Twaha, amembebea mkoba. Amemweka meza ya chini ya feni, amemwagizia chakula, kisha akainama kwa heshima na kutoka nje. Akasimama barazani, upande wa dirisha.

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha. Kwetu huwezi kula mbele ya mama mkwe, wala yeye mbele yako. Aibu yake haifutiki. Kumbe Twaha hali kabisa! Anamkalisha mama ndani, mama anakula, yeye anasubiri nje, anapiga picha dirishani, chooni anaingia akishamaliza. Kampuni inapata ripoti, mama anapata kuku, yeye anapata adabu. Mwaka mzima mimi namcheka kwa picha mbaya!

Na mimi nilikuwa na paja mdomoni.

Kumsalimia maana yake anione nakula. Kuondoka maana yake nisilipwe. Nikageuza kiti, nikatazama ukuta. Ukutani wamechora jogoo anayetabasamu. Nikashusha kofia, nikala nikitazamana na jogoo. Maagizo ni maagizo, lazima chakula kifike nusu. Nilitafuna bila kusogeza mashavu.

Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Nilikuwa nimeshamaliza karibu kila kitu! Lakini mhudumu akamuuliza mama kama yule aliyemleta ni mwanawe. Mama akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Si mwanangu wa kumzaa, ni mkwe wangu. Mungu ampe umri. Nina mwingine kule Handeni, huyo yupoyupo tu."

Yupoyupo tu!

Nikasimama. Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, mimi nikafuata. Nikageuka, paja mkononi, nikasema mama, kuku huyo si wa Twaha! Kuku huyo ni wa kampuni! Nikaeleza yote. Kwamba kuna watu wanalipwa kula. Kwamba Twaha analipwa kula na hali. Kwamba mwaka mzima dua zako zinakwenda kwa mtu asiyetoa hata senti ya chumvi. Kwamba mimi pia sasa ni mteja wa siri, tena wa halali, na kwa kazi hii nimeweka rehani mpaka cherehani cha Mwanaisha, mtu mwenye kujitoa ni mimi!

Mgahawa mzima ukanigeukia. Hata feni naona ilipunguza mwendo.

Mama akavuta kanga akafunika uso. Akaisukuma sahani yake. Twaha ameingia kutoka barazani, hakukasirika, na hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa. Akasema kwa upole kwamba kampuni ilimtoa tangu Alhamisi, kuna mtu alimchongea. Leo hana kazi yoyote hapa. Ila alishamwahidi mama, hakuona vizuri kumvunja moyo, kwa hiyo kuku wa leo amemlipia kwa hela ya mfukoni mwake.

Siku niliyochagua mimi! Siku pekee aliyolipa mwenyewe!

Mama, akiwa ndani ya kanga, akaniuliza swali moja. Akauliza kama nilikuwa nimekaa pale nyuma muda wote, nakula, sahani mbili, nimempa mgongo, bila shikamoo. Nikasema shikamoo mama. Mdomo ulikuwa na chipsi. Hakuitika marahaba. Tangu nioe hajawahi kukosa kuniitikia, hata siku ya papai.

Laurenti akaja mbio, akanishika mikono yote miwili. Karibu sana mkaguzi wetu! Akaniletea soda, sambusa na kiti chenye mto. Wahudumu wakajipanga mstari, mmoja akanionyesha kucha zake jinsi zilivyo safi. Chooni wakatangulia na sabuni mpya. Huduma bora sijawahi kuiona.

Nimeiandika kwenye ripoti, alama zote. Dada wa kampuni amejibu kwa mstari mmoja tu: meneja ameshapiga simu kushukuru. Silipwi. Chakula sirudishiwi. Nisipige tena, hata kwa kitambaa.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Leo Mwanaisha anarudi. Sijapata usingizi. Nimetunga maelezo kadhaa. Kimekwenda matengenezo. Kimeazimwa na serikali. Wezi. La wezi nimeliona bora, nikavunja kitasa cha mlango wa nyuma mwenyewe ili lionekane, kisha nikatoka kwenda kwa Mhina kumwomba anikopeshe cherehani changu kwa siku moja.

Mhina amesema hana. Kimeshakombolewa alfajiri. Nani? Mtu wa friji mwenye pikipiki ya Korogwe.

Nimekimbia nyumbani. Jirani alimfungulia mlango wa mbele kwa ufunguo anaoachiwa na Mwanaisha. Cherehani kipo juu ya meza yake kama hakijawahi kutoka. Twaha ametia mafuta. Amefunga ile skrubu iliyolegea tangu mwaka juzi. Amebadilisha mkanda! Jirani amenipa ujumbe wake kwa mdomo. Mama amesema Mwanaisha asiambiwe, ndoa ya mtoto wake ni bora kuliko kuku. Hela nitarudisha nikipata. Ila niende Manundu nikamsalimie vizuri, mikono mitupu, mdomo mtupu.

Badala ya kushukuru nilikaa kitandani nikasaga meno. Hata kuniokoa ananiokoa vizuri! Angeniokoa vibaya kidogo ningemsamehe.

Mwanaisha amefika na gunia la mahindi. Ameketi, amekanyaga pedali, cherehani kimeteleza bila kelele. Akashangaa. Akaniuliza kama ni mimi niliyekitia mafuta. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akaniambia kumbe unaweza kuwa mume. Akanipikia mtetea. Kisha akauliza habari ya kitasa kilichovunjika. Nikasema wezi walijaribu, nimewafukuza.

Sijawahi kulala na amani namna hii.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Amani imeisha. Ikram amempigia dada yake. Laurenti, yule meneja, amempenda Twaha kwa utulivu wake siku ile, akamuuliza anafanya kazi gani. Sasa amempa mkataba wa kutengeneza mafriji ya migahawa yote ya Shibe, kuanzia Korogwe mpaka Segera. Kazi ya kudumu! Kwa fujo zangu! Nani aliyeanzisha fujo? Mimi. Nani aliyepata mkataba? Na mama mkwe naye atakula kuku pale kila wiki, kwa punguzo.

Mwanaisha amesimulia habari hiyo akiwa anacheka kwa furaha, anakata kitambaa. Nimecheka naye. Taya linauma.

Nimeshaweka nia njema. Nitakwenda Manundu kumsalimia mama, inshallah, nikipata nafasi. Lakini mchana nimesoma kwenye simu kwamba kuna kampuni nyingine, hiyo inatafuta wageni wa siri wa nyumba za wageni. Unalala bure! Unaandika kama shuka lilinuka! Huko hakuna kuku, hakuna mama mkwe, na Twaha hajui habari hizo. Wanataka tu mtu mwenye suti na begi la magurudumu, aonekane mfanyabiashara.

Suti sina. Begi sina.

Mwanaisha anakwenda Vugiri Jumatano, kuna harusi, atarudi wiki ijayo. Amesema tena nisikiguse cherehani, ila safari hii amesema kwa kutabasamu. Nimekitazama jioni. Kinang'aa. Skrubu imekaza, mkanda mpya, mafuta mpaka kwenye gurudumu.

Mhina safari hii atatoa zaidi.